Babi Alishika Kamera

Jumamosi saa tatu asubuhi nilifika shuleni na mto kwapani. Ulikuwa mto wa sebuleni kwetu, wenye picha ya bata upande mmoja, na nilimletea Emmett Sladky aukalie benchi. Jana yake alikuwa amerusha mipira mitatu ikaishia mikononi mwa maadui, tukafungwa na Otter Creek, watu ambao hata basi lao la timu husukumwa. Nikaona mtu wa namna hiyo atakaa benchi muda mrefu, asije akaumia.

"Asante, Clete," akasema, akaupokea kwa mikono miwili kama kapewa cheti. Emmett ndivyo alivyo. Ukimtania anakushukuru.

Ana miaka kumi na tano, na huu ni msimu wake wa kwanza kuwa mrushaji wetu katika futiboli ya Kimarekani. Mrushaji ndiye timu yenyewe: anapewa mpira, ana sekunde tatu za kuamua amrushie nani, na wakati huo majitu manne yanamjia yamlaze chini. Sisi watano wa ukuta tunasimama mbele yake kuyazuia. Mimi ni wa ukuta, upande wa kushoto, namba sabini na mbili. Nina kilo mia moja na kumi, na mdomo.

Kocha Dvoracek, ambaye siku za kazi hufundisha hesabu, ana utaratibu wake wa Jumamosi. Tunakaa darasani kwake, anaonyesha video ya mechi ukutani, na kila mrusho anautolea alama mbili ubaoni: moja ya uamuzi, moja ya mkono. Ukichagua mtu sahihi halafu mpira ukaangukia kwenye mahindi ya jirani, uamuzi umepata, mkono umekosa. Ukimrushia mtu aliyebanwa na watatu, akaudaka kwa miujiza, mji mzima ukapiga honi, Kocha anakuandikia kosa tu. Safari hii alikuwa ametangaza mapema: Emmett amerusha mara ishirini na mbili, maamuzi ya pata yasipofika kumi na moja, Ijumaa ijayo dhidi ya Wahlburg anaanza Grady Pokorny, mrushaji wa akiba. Na Emmett amekuwa akirusha mpira kwenye tundu la tairi ghalani kwao tangu darasa la kwanza, akiingoja hiyo mechi ya Wahlburg.

Taa zikazimwa, video ikaanza, Kocha akaguna.

Mpiga video wetu ni Bwana Kasper, daktari wa mifugo, lakini jana aliitwa mapema kwa ng'ombe aliyekuwa anazaa vibaya. Akamwachia kamera mtu aliyekaa jirani naye. Huyo jirani alikuwa Babi Sladky, bibi yake Emmett, na hakuna aliyemwambia kwamba kamera hufuata mpira. Yeye alimfuata mjukuu. Mpira unaondoka, unakwenda unakokwenda, sisi tunabaki tunamtazama Emmett anavyopandisha suruali.

Nikasema hii ni video ya kipaimara, wakacheka. Kocha hakucheka. Angejuaje kama uamuzi ni sahihi na wapokeaji hawaonekani? Akamuuliza Emmett alimwona nani. Emmett akajibu kwamba aliona watu. Ndipo tukamsikia Babi, kumbe kamera ilichukua na sauti.

"Mpe yule mrefu, roho yangu, hana mtu. Mrefu. Aa, umempa nani sasa?"

Kocha akaandika kosa.

Tukaenda hivyo hivyo. Mtu aliyefuga bata bukini miaka hamsini anajua nani ametoka kundini, na Babi hakuwa na upendeleo wa damu. Akisema "hapo sawa," Kocha anaandika pata. Akiguna, kosa. Kuna mrusho mmoja alikuwa anatafuna keki ya jamu, Kocha akauhesabu kosa kwa kukosa ushahidi. Miwili ya kwanza iliyodakwa na adui Babi alivuta pumzi tu, na Kocha hakuhitaji tafsiri: kosa, kosa.

Ubao ukasoma pata kumi. Ulibaki mrusho mmoja, nao ni ule wa tatu uliodakwa. Emmett alikuwa ameukumbatia mto wangu. Nikamnong'oneza kwamba upande wa bata ndio laini.

Kufikia hapo Babi alikuwa amegundua kitufe cha kuvuta picha karibu. Emmett alijaa ukutani, na mbele yake mgongo mpana, sabini na mbili. Mgongo ule ulikuwa unatikisika kwa kicheko. Kijana wa Otter Creek akapita pembeni yake taratibu, kama mtu anayekwenda chooni, akamkumbatia Emmett kiunoni.

"Huyo sabini na mbili," ikasema sauti ya Babi, "mdomo unacheza kuliko miguu. Mara ya tatu hii."

Kocha akarudisha video hadi ule wa kwanza uliodakwa, kisha wa pili. Mgongo uleule, kicheko kilekile.

"Vondra, ulikuwa unamwambia nini?"

Nikamweleza kwamba nilimuuliza kama kwao analala ndani au na ng'ombe.

"Akajibu nini?"

"Hakujibu, Kocha. Alipita."

Hakuna aliyecheka, na swali langu lilikuwa zuri. Kocha akamgeukia Emmett, kwa nini hakusema tangu jana? Emmett akasema alidhani ukuta ndivyo ulivyo.

Kocha akachukua kifutio. Mtu akikushika kiuno, akasema, unarusha pale ambapo mchoro wa mchezo unasema mwenzako atafika, na kijana amerusha palepale mara zote tatu. Uamuzi pata, mkono kosa. Jumla kumi na tatu.

"Sladky, Ijumaa unaanza. Vondra, nusu ya kwanza unakaa."

Emmett akanirudishia mto, hana hata chembe ya kejeli usoni.

"Upande wa bata ndio laini," akanikumbusha.

Ijumaa Bwana Kasper alikuwepo na kamera yake, ng'ombe wote wilayani wakiwa wazima. Nikatandika mto, nikakaa, nikageuka nimwambie Grady kitu kuhusu miguu ya Wahlburg. Safu ya kwanza nyuma yetu alikuwa Babi, simu kainyanyua, na haikuelekea uwanjani.

Nikafunga mdomo. Ile simu nayo inachukua sauti.