Muhuri Ulioinama

Muhuri wa Mkuu Kuramochi ulikuwa umeinama. Niliisogeza karatasi dirishani, nikavua miwani, nikaivaa tena, na bado ulikuwa umeinama. Nikajiambia, Kinugasa, hapa pana mkono wa mtu.

Mimi ni mtu wa kushuku, sifichi. Marehemu mume wangu alikuwa akisema hata jua likichomoza nitalidai kitambulisho. Miaka thelathini na moja nilikaa idara ya utawala katika kampuni ya koki za maji mashariki mwa Osaka, na kazi yangu ilikuwa karatasi: kuzipokea, kuzikagua, kuhakikisha kila kisanduku kina muhuri wake mwekundu. Na muhuri kwetu una adabu zake. Visanduku hupangwa mstari mmoja, mkubwa kushoto, mdogo kulia, na mdogo anapogonga wake huupinda kidogo kushoto, ili jina lake limwinamie bosi. Haijaandikwa popote, lakini mgeni aliyegonga wake wima kando ya wa mkuu wake alisemwa mwezi mzima. Wa mkubwa husimama wima.

Ilikuwa Machi, mwaka wa tatu tangu korona ituingilie. Barakoa zilishaanza kushuka videvuni, na mkurugenzi mpya alitangaza mambo mawili kwa pumzi moja: karatasi ziishe, mihuri ihamie kwenye kompyuta, na watu warudi ofisini, siku zote tano. Angebaki nyumbani yule tu mwenye idhini ya wakati wa korona, iliyogongwa muhuri na mkuu wake. Idara ya mauzo, aliyoiongoza Kuramochi, ilikuwa na idhini moja tu ya namna hiyo, ya Bwana Shimozato. Mkewe alilazwa ule mwaka wa kwanza, akatoka hospitali akipumua kwa mrija, na tangu hapo mashine ya oksijeni ikawa kama mtu wa tatu nyumbani mwao. Hawakuwa na mtoto wala ndugu wa karibu. Asingekaa yeye, nani angekaa?

Nilimjua Shimozato kwa miaka ishirini. Mtu mpole, wa kuomba radhi hata lifti ikichelewa. Muhuri wake uliinama kuliko ya watu wote. Tulimtania kwamba ipo siku utaanguka kifudifudi. Ndiyo maana nilipouona wa Mkuu umeinama kwenye idhini yake sikufikiri mara mbili. Mkono uliozoea kuinama husahau kusimama, hata unapoiba jina la mkubwa. Na nafasi ya kuiba ilikuwepo. Wakati tumejifungia majumbani, muhuri wa Mkuu ulikaa kwenye droo isiyo na kufuli, na watu walikuja kwa zamu, wawili wawili, kugonga nyaraka zisizoweza kungoja.

Nikaipeleka karatasi kwa Kuramochi. Sikuipeleka kwa huzuni, nisidanganye. Tangu mwanzo nilikuwa nikisema kazi ya nyumbani ni mwanya wa ujanja, na sasa nilikuwa na ushahidi mkononi. Nilitembea ule ukumbi kama naenda kupokea zawadi.

Kuramochi ni mtu mnene, mcheshi, lakini siku hiyo utani ulimkauka. Nilimwuliza kama ni yeye aliyegonga. Akaitazama karatasi, kisha akatupa jicho upande wa pili wa kioo, alikokaa mkurugenzi.

"Sikumbuki," akasema.

"Hukumbuki, au hukugonga, Mkuu?"

"Bi Kinugasa, nimeshakwambia sikumbuki. Ulichokiona wewe, kiandike."

Nikaandika, na nikagonga muhuri wangu chini yake.

Shimozato aliitwa Jumatatu. Alikaa ukingoni mwa kiti, mkoba magotini, simu juu ya mkoba, maana jirani aliyemwachia mkewe alikuwa akimtumia ujumbe kila baada ya muda. Nikamwekea karatasi mbele yake na kumwambia ajieleze. Kuramochi alikuwepo, macho yamezama kwenye kikombe cha chai. Shimozato akautazama muhuri, akamgeukia Mkuu wake, akangoja. Moyoni nikasema huyo kapatikana, kwa sababu mwenye haki hangoji.

"Kama Mkuu hakumbuki," akasema mwishowe, "basi mimi nitakumbuka nini?"

"Jibu swali, Bwana Shimozato. Nani aligonga?"

"Naomba radhi kwa kukusumbua, Bi Kinugasa."

Akainama mpaka paji la uso likakaribia meza, akaomba aruhusiwe kuacha kazi mwenyewe kabla hajafukuzwa.

Juma lililofuata nilikuwa nikipitia majalada ya wakati wa korona kabla ya kuyatia kwenye mashine ya kukata karatasi. Ndani nikakuta orodha ya zamu. Aprili ya ule mwaka wa kwanza, tarehe kumi na nne, zamu ilikuwa ya Kuramochi na mtu mmoja wa ghalani. Jina la Kuramochi lilikuwa limepigwa mstari, na juu yake, kwa mwandiko wake mwenyewe, ameandika: Shimozato ataniwakilisha. Tarehe ile niliikumbuka vizuri, kwa kuwa kesho yake yule wa ghalani alibebwa na gari la wagonjwa, ana korona. Baada ya siku kumi akalazwa mke wa Shimozato. Na idhini ilikuwa ya Mei, juma lile lile mama huyo aliporudishwa nyumbani na mrija wake.

Nikaitoa tena idhini. Safari hii sikutazama kama muhuri umeinama, nilitazama umeinamia wapi.

Ulikuwa umeinama kulia.

Shimozato, mkono wake haukujua kulia. Kando yake ulikuwepo muhuri wake halisi, umeinama kushoto kama siku zote, na yale majina mawili yalikuwa yameelekezeana vichwa kama watu wanaoombana radhi. Nilikaa chini. Miaka yote ile, sijapata kuona wa mkubwa ukimwinamia mdogo.

Nikampigia simu. Nyuma ya sauti yake niliisikia ile mashine ikivuta na kutoa pumzi. Nikamwambia nimeujua ukweli na niko tayari kwenda kwa mkurugenzi.

"Usiende, dada," akasema. "Yule mtu aliniinamia. Nikimwaibisha leo, kile alichonipa nitakuwa nimekirudisha."

"Na kazi yako?"

"Mke wangu anahitaji maji. Samahani."

Akakata. Na mimi, Mungu anisamehe, nilishusha pumzi. Ile ripoti ilikuwa na muhuri wangu, na nilibakiza mwaka mmoja nistaafu. Nimestaafu kweli, naishi vizuri, na nikisikia mtu akisifiwa kwa umakini wake huwa naondoka.

Barua yake ya kuacha kazi ilikuwa karatasi ya mwisho tuliyoigonga kwa wino. Visanduku vitatu: Kuramochi kushoto, mimi katikati, Shimozato kulia. Wa Shimozato ulikuwa umeinama kushoto, vilevile. Wa Kuramochi ulikuwa umesimama wima kama nguzo ya umeme. Nikachovya wangu kwenye wino, nikaupinda kulia, nikaukandamiza mpaka kidole kikauma.

Karatasi ikapelekwa kwa mkurugenzi, ikaingizwa kwenye kompyuta, ikahifadhiwa. Hakuna aliyeshuku kitu.