Dirisha la Juu la Mnara

Mume wangu Ansgar ni mtu mwema, ila ukitaka kumharibia siku, mtajie dirisha la juu la mnara wa misheni. Babu yake ndiye aliyeujenga mnara huo zama za Wajerumani. Mapambo yake yanapendeza mpaka leo, na kila anayeelekeza njia hapa kwetu huanzia mnarani. Lakini dirisha hilo moja limepinda, na ukoo mzima umetaniwa tangu hapo. Ansgar ameomba lizibwe hadi paroko amechoka kumwona.

Jumamosi tulikuwa tunasubiri wageni kutoka Songwa, wanaokuja kumposa binti yetu Elieth. Mwezi uliopita waliahirisha, na Ansgar akasema wakikosa tena, posa imekufa. Walisema watafika asubuhi, na mchana ukaingia. Elieth alikaa jikoni, hali wala hanywi, nami roho iliniuma kumtazama. Ansgar akaenda kuwangoja mnarani, nikamfuata.

Hapo mshenga wao, mzee Mayala, akapiga simu.

"Baba Elieth, tumefika mnarani. Mbona hatuwaoni?"

"Mimi nimesimama mnarani," alijibu Ansgar. "Ninyi hampo."

"Tupo. Tumeuegemea."

Nilielewa kabla yake. Kwenye njia ya Masumbwe, mnunuzi mmoja wa dhahabu amejenga gesti, na mbele yake amesimamisha mnara wa kuiga huu wetu, wenye taa za rangi. Ansgar alikuwa ameapa kutoutia machoni. Akakata simu. Akasema watu wasioweza kutofautisha kazi ya babu yake na mnara wa gesti hawawezi kujua thamani ya mtoto wake, na anakwenda kuwarudisha walikotoka. Nilipanda nyuma ya pikipiki yake bila kukaribishwa. Hasira zake nazijua, haifai kuziacha zisafiri peke yake.

Tuliwakuta wamesimama kivulini, makoti yamejaa vumbi.

"Mwadila, baba," Mayala alisalimia Kisukuma.

Ansgar aliguna tu. "Nani amewaambia hapa ndipo kwangu?"

"Binti yako. Alisema tutafute mnara wenye dirisha la juu lililopinda. Alisema limejengwa na babu wa baba yake, na hakuna lingine kama hilo popote. Tukaliona, tukashuka."

Ansgar akainua macho. Fundi wa gesti alikuwa ameiga kila kitu, hata kosa. Dirisha lilikuwa limelala upande uleule.

"Elieth ndiye aliyesema hivyo?"

"Tena kwa majivuno."

Mume wangu aligeukia pembeni. Niliona anapangusa macho, nikajifanya natazama magari. Kisha akampa Mayala mkono, akamwamkia upya kwa heshima zote, akarudi kwenye pikipiki.

"Nifuateni," aliwaambia. "Hili wamelinyoosha kidogo. La kwetu limepinda zaidi."