Dakika Arobaini za Savannah

Nimeishi Savannah miaka miwili. Ndivyo nilivyowaambia watu wa jengo letu hapa Silicon Oasis, nchi ya Waarabu, tangu binti yangu Ummulkheir aliponileta nipumzishe uzee. Savannah ni mji mkongwe wa Marekani, umekaa ukingoni mwa mto, na meli hupita karibu na migahawa kiasi kwamba ukiwa sitahani unaweza kumwonya mtu wa nchi kavu kuwa chumvi imezidi kwenye sahani yake. La chumvi nililiongeza mimi. Mengine pia.

Wasikilizaji wangu walikuwa wawili: Hesbon, mlinzi wa mlangoni, na Lois, binti wa Kericho anayehudumu katika mkahawa wa chini. Hesbon alikuwa akicheka tu. Lois alikuwa akiuliza, na mwongo ukimuuliza maswali umemlisha. Nikashiba, nikamzaa Bi Martina, mjane mwenye nyumba ya mlango mwekundu na vyumba vya wageni. Nikasema nilipanga kwake, nikamfundisha pilau, na nilipoondoka mbwa wake aligoma kula siku tatu. Tena mtu wa kwetu akitaja jina langu pale mlangoni, hatalala nje.

Mwezi wa tatu Lois akapata kazi ya hoteli Marekani. Wakala alimpa miji miwili achague. Mmoja una baridi kali, ila yuko binamu yake. Mwingine ni Savannah, ambako chumba cha wafanyakazi kingepatikana baada ya wiki tatu. Alinieleza huku akifuta meza yangu: amechagua Savannah, na wiki tatu si kitu, atakaa kwa Bi Martina.

Ningesema pale pale. Nikasema inshallah.

Tangu siku hiyo nikawa nakunywa chai juu, nyumbani, nikisingizia magoti. Hesbon akanikamata kwenye lifti akaniambia nina bahati, hadithi zangu zimepata viza mimi mwenyewe nikibaki. Alikuwa anatania. Sikulala vizuri.

Zikibaki siku mbili asafiri, Lois alipanda kuja kwetu. Alikuwa ametoka sokoni Deira na Ummulkheir kununua kanga ya kumpelekea mwenyeji wake, maana haendi mtu kwa watu mikono mitupu. Akaikunjua ili niione. Jina lake lilisema: ULINIPOKEA BILA KUNIJUA. Kisha akatoa kalamu, akaomba anwani.

"Lois, mwanangu," nikasema, "Bi Martina hayupo."

Mkono ukamwenda kinywani. "Amefariki?"

Hapo shetani alinifungulia lango pana. Ningeitikia tu, tungemlilia sote, na mimi ningelia kumshinda. Nilikwisha hata kumchagulia ugonjwa. Lakini kanga ilikuwa imetandazwa magotini mwangu.

"Hakuzaliwa," nikasema.

Nikamweleza. Nilikuwa mpishi wa meli ya makontena. Tulifunga gati siku nne nyuma ya makreni, mahali usipoona mji, na sisi tusio na viza hatukuruhusiwa kushuka. Savannah niliiona kupitia dirisha la jikoni, dakika ishirini tukiingia, ishirini tukitoka, kisu mkononi. Yaliyobaki niliyatoa kwenye kalenda aliyotuletea padri wa bandari. Nikaivuta chini ya kitanda, nikampa. Akaifunua mwezi kwa mwezi. Mlango mwekundu ulikuwa Novemba, na jina la mtaa limeandikwa chini yake.

"Na mbwa?"

"Mbwa ni wa Aprili."

Hakucheka. Ummulkheir alisimama mlangoni mwa jiko na bakuli mkononi, akinitazama kama mpangaji asiyemjua. Naye alikuwa ameyaamini.

"Babu, nilimwambia binamu yangu asiningoje," Lois akasema. "Wakala ameshafunga uchaguzi, khalas, haubadiliki. Sasa nitashukia wapi?"

Aliinuka, akaitia kalenda mkobani. Kanga hakuichukua.

"Baki nayo," akasema. "Sina mwingine wa kumpa."

Alisafiri. Habari zake nilizipata kwa Hesbon: analala sakafuni kwa msichana mmoja wa kufulia pale hotelini, mbali na mji, anaamka saa tisa za usiku kuwahi basi. Hesbon alinieleza bila kunitania, nami ningependa anitanie.

Jana ikaja picha kwenye simu ya Ummulkheir, siyo yangu. Ni mlango mwekundu, ule ule wa Novemba. Chini ameandika: "Mwambie babu nilibisha. Ni ofisi ya mawakili."

Ummulkheir alisema labda alikwenda kutembea siku ya mapumziko. Nikaomba miwani, nikaitazama tena. Mlango una kioo, na kwenye kioo anaonekana Lois ameinua simu. Amevaa koti alilosafiri nalo, na masanduku yake mawili yako ubavuni, karatasi za uwanja wa ndege bado zinaning'inia.