Gauni la Mikono Mirefu

Kaka yangu ni fundi cherehani, na tena ni bingwa wa malezi. Shahada yake ya malezi ni rula ya mbao ya kupimia vitambaa. Methali anayo moja tu, samaki mkunje angali mbichi, na samaki mwenyewe ni binti yake, aliyefiwa na mama angali mdogo. Akichelewa kutoka shule, rula. Akiwahi, rula vilevile, maana lazima katoroka.

"Haya ndiyo mapenzi, dada," huniambia. "Mtoto asiyechapwa hapendwi."

Basi mapenzi yakazidi, mikono ya mtoto ikajaa alama. Hapo ufundi wa kaka ukang'aa. Alimshonea gauni la shule la mikono mirefu, joto likiwa limepamba moto. Mimi ndiye mtia vifungo wa duka. Nilikataa kuligusa, akavitia mwenyewe.

Wateja wakalipenda! "Fundi, na wangu mshonee kama lile." Haukupita muda, mtaa mzima watoto wakawa wanatokwa jasho kwa heshima na adabu. Kaka akatembea kifua mbele, mbunifu wa mitindo.

Jana akaja mke wa muuza mkaa. Akamwita mtoto ili aone mshono kwa karibu, akamshika mkono. Mtoto akaruka.

"Vipi, mwanangu?"

"Nilianguka," alijibu upesi, macho kwa baba yake.

Nilichukua mkasi, nikauchana ule mkono wa gauni kuanzia kwenye kifungo mpaka begani. Mke wa muuza mkaa akaziba mdomo.

"Kwani sisi hatukuchapwa?" kaka alifoka. "Mbona tumekuwa watu?"

"Nani kakudanganya tumekuwa watu? Mpaka leo mlango ukibamizwa unashtuka, na ndevu zako zote hizo."

Mkono wake ukaenda kwenye rula, kwa mazoea tu. Akaona tunamtazama, akajitia kupima kitambaa ambacho tayari alikwisha kukikata.

Nilimwambia mtoto achukue mkoba, leo analala kwangu, na kesho pia, na anayetaka kunishtaki anajua nilipo. Hakwenda kuchukua mkoba. Alibaki amesimama mbele yangu, akaninyooshea mkono wa pili.

"Na huu, shangazi," alisema. "Huu ndio unaouma."