Fito za Njegere

"Kuni zako zina moto mzuri, Zofka," alisema mama mkwe wangu, Pavlina, huku ameinamia tanuri. Harufu ya mkate ilijaa nyumba nzima. Mimi nilisimama mlangoni na jembe mkononi. Iliyokuwa ikiungua mle ndani ilikuwa mizabibu ya baba yangu.

Baada ya vita, mpaka ulikuwa umepasua vilima vyetu vya Brda kama kisu kwenye jibini. Baba, mzee Izidor, alibaki Yugoslavia. Mimi niliolewa kilima cha pili, Italia, na nilikuwa na kibali cha kwenda kumwona. Masika ile ushirika ulikuwa umepanga kung'oa mizabibu yake ya rebula, zabibu za kwetu za asili, na kupanda aina nyingine.

"Hii aliipanda babu yangu," baba aliniambia akiipogoa kwa mara ya mwisho. "Wakiing'oa, na mimi wanifukie humo humo."

Nilichagua fito zenye macho yaliyonenepa, yale yanayotoa chipukizi, nikazifunga mzigo ili nikazipande kwangu. Kuvusha miche kulikatazwa. Ningekamatwa, kibali kingekwenda. Lakini kwetu kila nyumba huoka mkate kwa kuni za matawi ya mizabibu.

"Kuni za mkate," nilimwambia mlinzi wa mpaka.

Mlinzi huyo, Blagoje, alikuwa mtu wa mbali, kusini huko, mpole, na kando ya kibanda chake alilima njegere. Aliugeuza mzigo taratibu.

"Kuni?"

"Kuni, kaka."

"Basi nipe mbili nisimamishie njegere zangu."

Akachagua kwa muda mrefu, kama anayechagua kitambaa cha harusi. Nikamwona mtu wa ajabu, nikaenda zangu.

Sikumwambia mtu nyumbani. Nilitua mzigo uani, nikaenda kutafuta jembe. Uongo wangu ulikuwa mzuri mno: hata Pavlina aliona kuni.

Mwezi Mei mizabibu ya baba ilikuwa imeng'olewa. Baba hakutaka tena kutoka nje. Nikiwa njiani kumwona, Blagoje aliniita.

"Dada Zofka, kuni zako zimeota."

Katikati ya njegere fito mbili zilikuwa zimetoa majani, laini kama masikio ya mwana-kondoo. Nikawaza kibali. Kisha nikatazama vizuri: zote mbili zilichomekwa kwa kina, macho yakielekea juu. Asiyejua angeweza kuchomeka hata moja kichwa chini.

"Kwetu nako tunalima zabibu," alisema, akipalilia bila kuniangalia. "Zile nyingine je?"

"Zimekuwa mkate."

"Ulikuwa mtamu?"

"Sikuuonja."

Akang'oa gugu jingine. "Njoo majani yakishapukutika. Uje na kikapu. Na useme ni njegere."

Kutoka fito zile mbili, nilizovusha kikapuni chini ya njegere, nimejaza mteremko wote nyuma ya nyumba, ngazi kwa ngazi, kwa mikono hii. Baba alijaliwa kuishi hadi akanywa glasi ya kwanza ya divai yake. Aliishika mdomoni, akafumba macho. "Ndiyo yenyewe," akasema, akasogeza glasi iongezwe.

Kizuizi cha mpakani kiliondolewa zamani. Siku hizi wageni huja na magari yao, huzungusha divai kwenye glasi, huniuliza kama ni ya upande ule au upande huu.

"Ya kwenye njegere," nawajibu, na kuwaongezea.