Uzi Ndani ya Kovu

Mama Pindo alianza kuwashuku watu wa nyumbani kwake siku mumewe alipoosha vyombo.

Miaka arobaini ya ndoa, mzee yule hakuwahi kushika sufuria ila kukwangua ukoko. Leo amekunja mikono ya shati, anasugua, na mluzi juu yake. Mama Pindo alisimama mlangoni akimtazama. Hawa wanajua jambo, akajisemea.

Miaka minne nyuma alikatwa titi la kushoto kwa saratani, akapona, akarudi kwenye cherehani yake. Mwezi huu kidole chake kiligusa kitu kigumu juu ya kovu, kama punje ya mtama. Daktari akakikata, kikapelekwa maabara. Majibu baada ya wiki mbili. Na ni katika hizo wiki mbili nyumba nzima iliingiwa na wema.

Jumanne akagundua jingine. Sidiria yake, ile aliyoitilia mwenyewe mto wa pamba upande wa kushoto, ilikuwa imefumuliwa na kushonwa upya. Fundi huujua mkono wake, na huu haukuwa wake. Mishono hii ilikuwa mirefu, imepinda kama nyayo za bata.

"Mkwe wangu," alimwita mke wa mwanawe, "nani kaingia kwenye nguo zangu?"

"Sijui, Mama. Labda panya."

"Panya anayejua kushika sindano? Mlete, nimwajiri."

Mkwe alicheka, kisha akageuka haraka kufuta macho kwa ncha ya mtandio. Mama Pindo aliona. Basi hospitali wamewapigia simu, wakakubaliana kumficha. Usiku wala mchana wazo hilo halikumtoka.

Siku ya majibu walikwenda watatu. Daktari, binti mwenye sauti ya upole, alimsogezea kiti kwanza.

"Mama, si saratani."

Mama Pindo akamtazama mumewe, akamtazama mkwe. "Hawa ndio waliokutuma useme hivyo?"

"Mama watoto, jamani!"

"Nyamaza. Nimeoshewa vyombo wiki mbili. Mtu haoshewi vyombo bure."

Daktari hakukasirika. Alifungua droo, akatoa kichupa. "Kilichomo humu tulikikuta ndani ya uvimbe. Ni uzi wa operesheni ya kwanza, haukuyeyuka. Mwili ukauzungushia nyama ngumu. Maabara wamepima yote, hakuna ugonjwa."

Mama Pindo alivaa miwani, akakielekeza kichupa dirishani. Uzi wa buluu, mwembamba, wenye fundo la mizunguko mitatu. Aliutazama kama anavyotazama kazi ya mwanafunzi. Watu wanaweza kupanga maneno. Fundo lile hakuna aliyelipanga.

"Aliyenishona kafunga vizuri," alisema, "ila mkia kauacha mrefu." Halafu akalia, na daktari akamngoja amalize.

Nje, mzee akauliza, "Sasa vyombo niache?"

"Thubutu!"

Mkwe alikuwa akitembea nyuma yao, kichwa chini. "Mama, panya ni mimi. Niliona pamba imeshikana, inakukwaruza kidonda. Nikaweka laini. Niliogopa utaucheka mshono wangu."

Mama Pindo akajipapasa kifuani. Kumbe kweli. Tangu Jumanne hakuwa amekwaruzwa hata mara moja, naye alikuwa anahesabu mishono tu.

"Mshono wenyewe aibu tupu," alisema, akamshika mkono kuvuka barabara. Na hakuufumua.