Kengele ya Senegal

Kila mwaka, Mei inapoisha, ninatoa sadaka ya misa kwa ajili ya Senegal. Padri wetu mpya alipoona nia hiyo aliniuliza kama nina ndugu huko. Nikamwambia sina, sijui hata kama wanakula ndizi au mihogo, lakini asome hivyo hivyo. Akasoma. Watu walicheka kanisani na mimi nikacheka nao.

Mpira wenyewe sikuupenda na mpaka leo siupendi. Wanaume wazima wanakimbizana hadi jasho linawatoka, na hakuna hata gunia moja la viazi linalofika sokoni! Siku ile ya mwaka 2002, Senegal ilipofungua Kombe la Dunia na Ufaransa, nilikwenda kwenye ukumbi wa parokia, nje kidogo ya Butembo kwenye barabara ya Beni, kwa sababu televisheni ilikuwa yangu. Niliinunua Beni kwa faida ya maharagwe. Mapadri walikuwa na parabole, lile dishi la kunasa matangazo, na jenereta, na mafuta ya jenereta yalitoka kwa Kapiteni Melchior, mkubwa wa askari waliopiga kambi chini ya parokia. Kwa hiyo askari wake walikaa mbele, bunduki zimeegemezwa ukutani. Mimi nilikaa kando ya televisheni yangu, asije mtu akaichezea vitufe.

Askari hao walikuwa wanapigana na Mai-Mai, wapiganaji wa kienyeji wa milimani. Na mwanangu Lusenge alikuwa Mai-Mai. Alipanda huko baada ya watu wenye bunduki kupora duka la baba yake. Tangu hapo nilimwona mara moja tu, njiani kuelekea Kipese, na hakuniruhusu hata kumshika mkono. Mai-Mai akishaoshwa kwa maji ya dawa risasi haimpati, ndivyo walivyoamini, mradi asiguswe na mtu ambaye hajaoshwa. Mama mzazi naye hajaoshwa. Nilizungumza naye kwa mbali kama mtu mwenye ugonjwa wa kuambukiza, nikarudi nyumbani na hasira yangu. Nilijua kwamba siku moja askari wa Melchior na mwanangu wangekutana uso kwa uso, na kila usiku niliomba siku hiyo isifike.

Basi Senegal wakafunga. Kasonia, mpiga kengele wetu, ambaye alikuwa amening'inia dirishani, alitoka mbio mpaka mnarani akaipiga kengele kama ya Pasaka. Furaha ilimsahaulisha kitu ambacho hata mtoto mdogo wa kwetu alikijua. Katika miaka ile ya vita, kengele isiyo na saa yake ilikuwa na maana moja tu: tumeshambuliwa. Watu wa mtaa wakabeba magodoro na sufuria wakakimbilia mashambani. Na Mai-Mai, waliojiita walinzi wetu, ilikuwa lazima washuke.

Miguu yangu ilitaka kukimbia, lakini nilijua ni nani atashuka. Kapiteni naye alielewa, akawaamuru askari wachukue bunduki.

"Kapiteni," nikamwambia, "mutoto yangu iko kati yabo. Hapana kupiga, nakuomba."

Alitoka nje mbele ya askari wake, na mimi nikatoka naye.

Walishuka kupitia migomba, majani kichwani. Aliyewaongoza alikuwa mzee mfupi mwenye koti la mvua. Nyuma yake nilimwona Lusenge, amekonda, bunduki imeelekezwa upande wetu.

"Nani iko anatushambulia?" mzee akapaza sauti.

Ndipo Kasonia akaita kutoka mnarani, kamba ya kengele bado mkononi:

"Ni Senegal!"

"Senegal? Iko anashambulia nani?"

"France! Goli moja, un à zéro!"

Mzee alimwangalia Kapiteni. "Mu ballon? Mu mupira?"

"Mu ballon, Papa."

"France yenyewe?"

"Yenyewe."

Mzee akachungulia mlango wa ukumbi. "Inabakia dakika mingi?"

"Mingi sana," akasema Kapiteni, na akacheka.

Tukaingia ukumbini, bunduki za pande zote mbili zikaegemezwa kwenye ukuta mmoja. Mai-Mai walikaa nyuma, wakaacha safu nzima ya viti wazi ili wasigusane na mtu. Ufaransa walipogonga mwamba wa goli, safu za mbele na za nyuma zilimwita Yesu kwa sauti moja. Nami, Mungu anisamehe, nilisimama mbele ya televisheni yangu mwenyewe nikapigiwa kelele nikae.

Filimbi ya mwisho ilipolia, hakuna aliyekumbuka maji. Kapiteni alimkumbatia mzee. Askari walirukiana na Mai-Mai. Mimi nilipita katika ile safu ya viti vitupu, nikamshika mwanangu kwa mikono yote miwili.

"Mama, hapana kunigusa," akasema, lakini hakujitoa. Alinuka moshi na majani. Nililia kwa sauti bila aibu yoyote.

Mzee ndiye aliyezinduka kwanza, mkono wa Kapiteni ungali begani kwake. Alitutazama wote.

"Dawa yote imeharibika," akasema. "Leo hatuwezi kupigana. Tunaenda kuoshwa tena."

"Muende mizuri, Papa," Kapiteni akajibu.

Kila mtu akachukua bunduki yake, Mai-Mai kwanza, kisha askari. Ukutani ikabaki moja. Kapiteni akaiokota.

"Hii ni ya nani?"

Mzee alimtazama Lusenge, kisha mkono wangu uliokuwa umekamata shati lake. Nilidhani atamwita.

"Hapana ya kwetu," akasema, akashika njia ya migombani.

Vita haikwisha siku ile, na yule mzee sikumwona tena. Ninamshukuru yeye, na Kapiteni, na Kasonia mwenye kichwa chepesi, na vijana wale wa Senegal ambao hawatajua kamwe walinirudishia nini.

Kapiteni aliitundika ile bunduki begani mwake, akamgeukia mwanangu.

"Wee kijana, bebea mama yako télé mupaka ku nyumba. Na usiiangushe."

Ilikuwa nzito. Lusenge aliibeba kichwani, mikono yote miwili juu, akapita katikati ya askari barabarani, na mimi nilimfuata nyuma nikiwa bado nimeshika shati.